Bibi Yunisi Alivyopata Mia kwa Mia

Siku tatu kabla ya watu wa utafiti kufika Kihesa, Bibi Yunisi alikuwa ameshapanga atakachosema, na alikuwa akikirudia kimoyomoyo kama mtoto anayesubiri kuitwa ubaoni. Nalala stoo. Nalala na kuku. Nakula mara moja, na siku mkwe wangu akiamka vibaya hata hiyo moja inanipita. Nataka kurudi kwetu Rujewa. Basi. Maneno yenyewe si mengi, hata mlevi angeyakumbuka.

Stoo ilikuwa nyuma ya nyumba ya mwanawe, Gideon. Ilikuwa na magunia ya mahindi, baiskeli isiyo na tairi, majike saba ya kuku na jogoo mmoja mwenye dharau. Baridi ya Iringa mwezi wa sita haibishi hodi, na mlango wa stoo ulikuwa na mwanya chini wa kupitisha paka. Violet, mkewe Gideon, alikuwa akiwaambia watu kanisani kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeomba kukaa na kuku kwa kuwa anawapenda. Bibi Yunisi hakuwapenda kuku hata kwenye mchuzi.

Mwaka juzi, marehemu mumewe alipozikwa Rujewa, Gideon alisimama mbele ya ukoo akasema mama hawezi kubaki peke yake, atamtunza yeye. Ukoo ukapiga makofi. Wazee wakamtemea mate ya baraka. Mama akapakiwa kwenye basi na kapu lake, akaiacha nyumba yake ya vyumba viwili karibu na mfereji wa mpunga, mpwa wake Faustina akibaki kuiangalia. Mwezi wa kwanza alilala chumbani. Mwezi wa pili Violet alisema chumba kinahitajika kwa wageni, na wageni wenyewe hawajafika mpaka leo. Gideon alikuwa fundi wa magari, anatoka alfajiri na kurudi amechoka. Hakuwa mtu mbaya. Nyuma ya nyumba yake tu ndiko hakuwa na sababu ya kupita.

Habari za mradi aliletewa na Veneranda, jirani wa upande wa pili wa ua, mwanamke wa Kihehe mwenye umri kama wake na sauti ya kuita ng'ombe. Veneranda aliishi na mwanawe Sosthenes, ambaye akinywa pombe ya komoni humtandika mama yake kwa mkanda, na asipokunywa humtandika kwa kukosa hela ya komoni.

"Kamwene, Yunisi. Umesikia? Kuna mradi unatoka Mbeya. Wanahoji wazee nyumba kwa nyumba. Anayeteswa wanamhamisha. Mwenye kwao anarudishwa kwao, kwa gari lao!"

"Na asiye na kwao?"

"Anatafutiwa nyumba ya watu wema."

"Wako wapi hao?"

"Ndiyo wanatafutwa. Ulidhani utafiti ni wa nini?"

Walicheka mpaka Veneranda akashika mbavu zake, maana zilikuwa bado zinauma kwa kipigo cha Jumapili.

"Lakini useme," Veneranda alimwonya. "Wewe nakujua, unapenda kuzunguka. Useme kama unavyotema mbegu ya ndimu."

"Nitasema."

Siku ilipofika, Violet alipasha maji ya moto, akamwogesha mama mkwe kwa sabuni ya harufu, akampaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akamvika kitenge kipya cha kwake mwenyewe. Kisha akamkalisha sebuleni kwenye kochi la vitambaa, mahali ambapo Bibi Yunisi hakuwa amekaa tangu Pasaka ya mwaka uliopita.

"Mama," alisema Violet akitabasamu, "mwanao ana jina hapa mtaani."

"Ana jina. Mimi ndiye niliyempa."

Mgeni aliitwa Philbert. Kijana mpole, fulana ya mradi imemzidi, mkononi kishikwambi. Alisema utaratibu unataka amhoji mzee peke yake, na Violet hakubisha. Akafunga kanga kiunoni akaenda zake dukani kwa Kamrudin, mbali kule barabarani, kumnunulia mgeni soda. Hapakuwa na sikio dirishani wala kivuli mlangoni. Bibi Yunisi alikuwa na nyumba nzima na mdomo wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umetokea wapi?"

"Mbeya, bibi. Mwanjelwa palepale."

"Mwanjelwa! Kwa wezi wale, na umetoka na viatu vyote viwili?"

Philbert akacheka, akafungua kishikwambi chake. "Swali la kwanza, bibi. Kwa jumla, maisha yako hapa nyumbani ni mazuri sana, mazuri, ya wastani, mabaya, au mabaya sana?"

"Mazuri sana, tunamshukuru Mungu," ulijibu mdomo, yeye mwenyewe akiwa bado anakaa vizuri.

Wala hakushtuka. Ndivyo alivyolelewa. Kwao Rujewa mgeni akiuliza habari, habari ni nzuri, hata kama maiti iko chumba cha pili na nzi wameshaanza. Hiyo ni habari ya mlangoni. Mgeni anapewa kigoda, anapewa maji, anauliza tena, na bado ni nzuri, ila sasa unaitika kwa sauti ya chini kidogo. Halafu anakaa, anatazama moto, anasema, "Enhe, sasa nipe habari." Hapo ndipo unasema baba amefariki. Anayetoa msiba wake mlangoni kwao huhesabiwa amekosa malezi, na anayeondoka bila kuuliza mara ya tatu huhesabiwa hana utu. Basi Bibi Yunisi alishasema ya mlangoni, akakunja mikono, akasubiri kijana aulize tena.

Philbert akabonyeza.

"Swali la pili. Unalala kwenye chumba chako mwenyewe, unashirikiana na mtu, au huna chumba?"

Loo, kijana ana haraka huyu. Bibi Yunisi akaamua kumwekea chambo. "Chumba ninacho. Nakaa na wanawake saba na mume wao mmoja, na wote hawajui kunawa miguu."

Mtu mzima yeyote angeuliza wanawake gani hao. Philbert alicheka mpaka akajifuta macho. "Bibi una vituko wewe!" Akabonyeza: chumba chake mwenyewe. Alikuwa na wazee kumi na mmoja wa kuwafikia kabla ya saa kumi, na kishikwambi kilikuwa kinahesabu dakika.

"Jana ulikula mara ngapi?"

Kusema njaa yako mbele ya mgeni ambaye hata hajanywa maji, kwao ni sawa na kuvua nguo. Akazunguka tena. "Mjukuu wangu, hebu nitazame wewe mwenyewe. Mtu aliyekula mara tatu anafananaje?"

Philbert alimtazama. Alimwona ameoga, ameng'aa, kitenge kipya, kochi la vitambaa. "Anafanana na wewe, bibi," alisema kwa upole wote, akabonyeza tatu.

Sasa Bibi Yunisi aliona mchezo haumwendei alivyozoea. Na swali lililofuata ndilo lile lenyewe, alilolisubiri siku tatu.

"Je, kuna mtu yeyote wa nyumba hii aliyewahi kukutukana, kukunyima chakula, kukufungia au kukupiga?"

Aliuliza kwa sauti ileile, macho kwenye kioo, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Bibi Yunisi alifungua mdomo. Mbegu ya ndimu ilikuwa hapo, kwenye ncha ya ulimi. Lakini aliyetakiwa kutajwa alikuwa Gideon, ambaye alipougua surua utotoni, yeye mama yake alimbeba mgongoni siku nzima akikanyaga matope ya mashamba ya mpunga kutafuta dawa. Umtaje mwanao kwa ubaya wake, kwa kijana wa watu asiyekutazama hata usoni?

"Mwanangu ni mtu mzuri," alisema polepole. "Ila mke wake…"

Akanyamaza makusudi. Huo ulikuwa mlango ameufungua wazi, kilichobaki ni mtu kuingia na kusema, "Enhe, mke wake?"

"Na mke wake pia," alimalizia Philbert, akabonyeza. "Asante sana, bibi. Tumemaliza."

"Tumemaliza nini?"

"Maswali."

"Si ndiyo kwanza tunasalimiana!"

Philbert akacheka tena. Siku hiyo alikuwa amepata bibi wa kumsimulia mama yake. "Majibu yameshaenda Mbeya, bibi."

"Yaite yarudi."

"Yakishatumwa hayarudi."

Violet akaingia na soda. Philbert akamwambia mzee amesema mema matupu, na Violet akamtazama mama mkwe wake kama mtu aliyeokota kuku njiani na asimjue mwenyewe. Soda ilipokwisha na mgeni alipokwisha kuondoka, akakivua kitenge chake mwilini mwa Bibi Yunisi, akakikung'uta, akakikunja. "Asante, mama," alisema. Hiyo asante aliisema kwa moyo kweli. Halafu akamfungulia stoo.

Kesho yake Veneranda alikuja uani, shingo mbele. "Umesema?"

"Nilikuwa nataka kusema, hakuuliza."

"Hakuuliza! Mimi hata hakukaa. Nilimwambia napigwa kwa mkanda, nikageuka, nikavua blauzi, akaona mgongo wote."

"Veneranda! Kijana wa watu?"

"Kijana alitetemeka mpaka akakosea kubonyeza. Kwani mgongo wake au wangu?"

Wiki ya nne wazee wote wa mtaa waliitwa ofisi ya mtaa, na familia zao. Alikuja mkuu wa mradi kutoka Mbeya, mama mmoja mwenye miwani aitwaye Masuma, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Akasema wamehoji wazee arobaini na mmoja. Akasema takwimu zimewahuzunisha mahali pengi. Lakini ipo nyumba moja, moja tu, iliyopata alama mia kwa mia. Akaita jina la Gideon.

Makofi. Violet akapanda mbele na mkoba. Wakapewa cheti kwenye fremu na gunia la mchele wa Mbarali, mchele uliotoka kwenye tambarare ileile aliyokuwa akiililia Bibi Yunisi. Mchele ulikuwa umepata usafiri, yeye hakupata. Kisha Bi Masuma akasema kwamba nyumba ya mfano haiishii kwenye cheti, nyumba ya mfano hupewa mzee mwingine aliye hatarini ili naye aonje matunzo, na kila mwezi mradi utaleta chakula cha mzee huyo. Violet aliposikia chakula cha kila mwezi, akasema wito huo ameupokea kwa machozi.

Hapo Bibi Yunisi alinyoosha mkono. Alisimama.

"Mimi nalala stoo na kuku," alisema kwa sauti.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mtaa mzima ulimjua Bibi Yunisi kwa utani. Msibani aliwahi kumchekesha hata mjane. Bi Masuma alimgeukia Philbert, na Philbert akanong'ona, huku akitabasamu, kwamba hilo la kuku bibi alimtania hata siku ile, eti wanawake saba na mume mmoja.

"Si utani!" alisema Bibi Yunisi, na watu wakazidi kucheka.

Bi Masuma alishuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Bibi, haya hapa ni majibu yako mwenyewe. Chumba chako. Milo mitatu. Hukunyanyaswa. Nani alikulazimisha kusema?"

Bibi Yunisi alitafuta aliyemlazimisha, hakumpata. Gideon alikuwa akitazama kofia yake. Violet alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. "Mama siku hizi anasahau kidogo," alisema taratibu. "Tunamvumilia." Akapigiwa makofi tena, kwa hilo la kuvumilia.

Jumamosi iliyofuata gari la mradi lilisimama mbele ya nyumba, akashuka Veneranda. Alikuwa na kifurushi chake kichwani na uso wa bibi harusi.

"Yunisi!" alipaza sauti hata kabla hajafika. "Nimetolewa kwa Sosthenes! Nimeletwa nyumba ya mia kwa mia!"

Violet alimkaribisha sebuleni, akampa chai ya maziwa, Philbert akapiga picha. Gari lilipokata kona, Violet alichukua kikombe kikiwa na nusu ya chai, akambebea mgeni kifurushi mpaka nyuma.

Veneranda alisimama kwenye mlango wa stoo. Jogoo alimtazama. Bibi Yunisi alikuwa amekaa kwenye gunia, akasogea kumpisha.

"Na wewe unalala wapi?"

"Hapo unapokanyaga."

"Yunisi. Uliwaambia nini wale?"

"Niliwaambia nzuri."

"Nzuri ya wapi?"

"Ya mlangoni."

Veneranda alitafuta tusi kwa Kiswahili, hakulipata la kutosha, akalitoa kwa Kihehe. "Kwa Sosthenes nilipigwa, lakini nililala kitandani!" Kisha akakaa chini, akamgeuzia ule mgongo maarufu, na kwa siku nne hakumsemesha.

Chakula kililetwa sahani moja, kama zamani. Kilichoongezeka ni mikono. Mikono ya Veneranda ilikuwa na nguvu zaidi. Chakula cha mzee aliye hatarini, kile cha mradi, kilionwa na wazee wote wawili kikishushwa garini, na wote wawili hawakukiona tena.

Hata hivyo Bibi Yunisi hakukata tamaa, maana alisikia kwamba baada ya miezi mitatu kuna raundi ya pili. Alijifunza upya. Safari hii alijifunza kuwa mshenzi. Alizoea kumwambia jogoo, "Usikae! Nalala stoo!" bila salamu, bila karibu, bila kumuuliza ametokea wapi, mpaka ulimi ukazoea utovu wa adabu. Veneranda alikuwa akimsikiliza, haongezi neno.

Philbert alipokuja, ilikuwa kama mara ya kwanza: maji ya moto, mafuta, vitenge viwili vipya, kochi. Violet akatoka kwenda kwa Kamrudin. Philbert hakuwahi hata kusema shikamoo.

"Usikae," alisema Bibi Yunisi. "Nalala stoo. Nakula mara moja. Mke wa mwanangu ananinyima chakula, na mwanangu anajua au hataki kujua. Nataka kurudi Rujewa. Andika."

Alikuwa ameitema mbegu nzima. Jasho lilimtoka kama aliyejifungua. Na kijana, Mungu ambariki, safari hii aliinua macho akamtazama, na macho yake yalikuwa na huruma ya kweli.

"Bibi, mara ya kwanza ulisema kinyume cha haya yote."

"Mara ya kwanza nilikuwa na adabu."

Philbert alikuna kichwa, akabonyeza, akasoma. "Majibu ya mzee yakipishana namna hii, utaratibu ni kumuuliza mtu anayeishi naye ambaye si ndugu. Sasa hapa nani…"

"Veneranda!" Bibi Yunisi karibu aruke. "Mwite Veneranda! Yule anasema, unamjua anavyosema!"

"Yule namjua," alikubali Philbert, akaona haya. "Yule hawezi kuficha kitu."

Veneranda akaja, akakaa kwenye ukingo wa kochi. Philbert akamuuliza mzee mwenzake anatendewaje hapa nyumbani. Veneranda alimtazama Philbert. Alimtazama Bibi Yunisi kwa muda mrefu, kuanzia kilemba mpaka vidole vya miguu, kama mtu anayepima kitambaa.

"Vizuri," alisema. "Nyumba hii ni nzuri. Ila huyu mwenzangu, akili zimeanza kumtoka."

"Veneranda!"

"Unaona? Anapiga kelele hivihivi. Juzi aliniita shangazi. Anaongea na jogoo, anamwambia usikae. Muulize kama si kweli."

"Ni kweli, bibi? Uliongea na jogoo?"

"Nilikuwa najifunza!" alisema Bibi Yunisi, na hata yeye aliisikia ilivyosikika.

Philbert aliandika, safari hii polepole, kwa heshima. Alimweleza Bibi Yunisi kwa sauti ya chini kwamba asiwe na wasiwasi, kwamba kuanzia sasa hatasumbuliwa na maswali, maswali yake yatajibiwa na mkwewe.

"Na Rujewa?"

"Mtu wa hali yako hasafirishwi, bibi. Anahitaji kukaa na watu anaowazoea."

Violet aliporudi na soda aliambiwa yote, akasikitika, akaahidi kuvumilia. Vitenge vikavuliwa, vikakunjwa. Ilikuwa bado mchana mweupe walipofungiwa stoo, na kwa kuwa ilikuwa siku ya mgeni, sahani ililetwa mapema.

Bibi Yunisi hakunyoosha mkono. "Kwa nini, Veneranda?"

"Nilisema kweli mara moja, nikaletwa hapa," alisema Veneranda akimega ugali. "Ningeisema ya pili ningepelekwa wapi? Halafu wewe uende Rujewa ukale wali wako, mimi nibaki hapa na Violet tunatazamana?"

"Kwa hiyo tutakaa humu mpaka lini?"

"Mpaka mmoja wetu afe. Na ole wako unitangulie."

Kisha akamsogezea sahani, akiwa ameshamaliza upande wake na sehemu nzuri ya upande wa mwenzake, akamfukuza jogoo asile kilichobaki.